Michezo ya Vita Katika Mabanda ya Gemu

Katika miji kama Magu, kwenye barabara ya Mwanza hadi Musoma, banda la gemu halihitaji mengi: televisheni, PlayStation, pedi mbili na benchi. Watoto wengi hucheza mpira, na hilo halina neno. Kinachowatia wazazi wasiwasi ni michezo ya vita.

Michezo hiyo ina alama za umri. Marekani ilianzisha utaratibu huo mwaka 1994, baada ya malalamiko juu ya Mortal Kombat. Ulaya hutumia PEGI tangu 2003, yenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. Namba hukaa kwenye kasha. Diski ikinakiliwa, kasha halipo, na onyo limepotea njiani.

Tusidhani kila kitu hutoka ng'ambo. Mwaka 2015 Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, ambamo mchezaji hupigana na wavamizi kutoka anga za mbali. Ni kazi ya ufundi, ingawa risasi ni zilezile.

Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, lakini kwa kawaida dalili zidumu miezi 12. Mtoto wa Jumamosi si mgonjwa.

Kamati ikitembelea banda, iulize mawili tu: gemu zipi zipo, na saa za masomo nani hukaa kwenye benchi lile.