Sindano ya Pepopunda: Mama, Umefikia ya Ngapi?



Wamama wengi wakiitwa kuchomwa sindano ya pepopunda siku ya kliniki, wanajibu: "Mimi nilishachomwa zamani, mimba ya kwanza." Ni kweli, walichomwa. Lakini hiyo kinga inadumu muda gani? Hapo ndipo wengi wetu tunakosea.

Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Mtoto mchanga vinamwingia kwa kitovu, kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa samadi. Mtoto ananyonya vizuri siku za kwanza, halafu anashindwa kunyonya, mwili unakakamaa. Wengi hufa. Mama mwenye kinga humgawia mtoto wake angali tumboni.

Kwa mama ambaye hakuchanjwa utotoni, hesabu ni hii:

Ya kwanza: inaandaa mwili tu, usiitegemee.
Ya pili, baada ya wiki 4 au zaidi: kinga ya miaka 1 hadi 3. Mjamzito aipate angalau wiki 2 kabla ya kujifungua.
Ya tatu, baada ya miezi 6 au zaidi: angalau miaka 5.
Ya nne, baada ya mwaka 1 au zaidi: angalau miaka 10.
Ya tano, baada ya mwaka 1 tena: miaka yote ya kuzaa.

Sasa, kama vita vilitukuta katikati ya hesabu? Hatuanzi upya. Uliyepata mbili kule nyumbani, hata ikipita miaka mingi, unaendelea na ya tatu. Shida ni kadi. Bila kadi, muuguzi hana cha kuhesabu, na huenda akaanza na ya kwanza. Kubali tu, ni heri kuliko kukosa. Kadi ya utotoni ya binti yako nayo usiitupe, maana sindano zile zitahesabiwa akiwa mama.

Tena chanjo hazifanani. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni cha maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10. Familia zinazojiandaa kusafiri wakitunze.

Na ninyi wababa, hii si kazi ya mama peke yake. Kadi za chanjo zikae pamoja na kadi ya chakula, ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isizifikie. Leo jioni zitoeni, mhesabu pamoja: mama amefikia ya ngapi?