Je, Wajua? Tablo Yako, Mtandao na Wezi wa Tokeni

Likasi ina wachoraji wa tablo, mafundi wanaogonga picha kwenye bati la shaba, na vijana wanaochora kwa kidole kwenye simu. Wote duka lao siku hizi ni Facebook na WhatsApp, na mwizi naye hupita humo humo. Soma haya mbio mbio, kisha mtumie mchoraji unayemjua.

Je, wajua kwamba NFT, yaani tokeni ya kidijitali inayouzwa kama hati ya kumiliki picha, kwa kawaida haina picha ndani yake? Kinachoandikwa kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, ni namba ya tokeni pamoja na kiungo cha kuonyesha picha inapokaa. Picha yenyewe huwa imehifadhiwa pengine kabisa. Januari 2022 mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Moxie Marlinspike, alitengeneza NFT moja ambayo kwenye soko la OpenSea ilionyesha picha hii, kwenye soko la Rarible picha ile, na mnunuzi akiifungua katika pochi yake ya kidijitali anakuta katuni ya kinyesi.

Je, wajua kwamba mwizi hahitaji kuthibitisha chochote? Akiwa na pochi ya sarafu za kidijitali na picha aliyoinakili kwenye ukurasa wako, anatengeneza tokeni kwa dakika chache. Blokcheni huhifadhi nani aliandika na lini. Haimuulizi kama kazi ni yake.

Je, wajua soko lenyewe lilikiri? Januari 2022 OpenSea ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyotengenezwa kwa zana yake ya bure vilikuwa kazi za wizi, makusanyo bandia na takataka.

Je, wajua kwamba hata marehemu huibiwa? Qing Han, mchoraji wa Kanada aliyejulikana mtandaoni kama Qinni, alifariki Februari 2020. Aprili 2021 kazi yake ilikutwa sokoni ikiuzwa kama NFT na mtu aliyejifanya ni yeye.

Je, wajua kwamba sheria ya Kongo inakulinda tangu siku ya kwanza? Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa sababu tu ameitunga. Haki hiyo hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Kujiandikisha SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa 2011, kunakusaidia kudai fedha na kuonyesha ushahidi, lakini haki ilikuwa yako hata kabla ya kujaza fomu.

Je, wajua kwamba haki hiyo inavuka mpaka? Kongo imo katika Mkataba wa Berne wa 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180. Tablo iliyochorwa Panda au Shituru, hapa Likasi, inalindwa Marekani na Ufaransa pia, bila kugongwa muhuri wa ofisi yoyote.

Je, wajua kwamba ukiuza tablo hujauza hakimiliki? Mteja anachukua turubai, anaitundika sebuleni, hata akitaka anaweza kuiuza tena. Kuipiga picha na kuitolea nakala za biashara au tokeni ni jambo jingine: hapo anahitaji ruhusa yako, na afadhali iwe ya maandishi.

Je, wajua kwamba hakuna mwenye hatimiliki ya Mamba Muntu? Miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa miji ya migodi ya Katanga waliuza tablo za ukumbusho kwa familia za wafanyakazi: Mamba Muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, Colonie Belge, yenye mfungwa anayechapwa fimbo mbele ya afisa, na nyingine nyingi. Kila mchoraji alichora ya kwake. Sheria nayo inasema hivyo hivyo: wazo ni la wote, lakini mkono wako, rangi zako na jinsi ulivyopanga sura hizo ni mali yako. Anayechora Mamba Muntu wake ni mchoraji mwenzako. Anayenakili faili ya Mamba Muntu wako na kuiuza, huyo ni mwizi.

Je, wajua kwamba kazi za Katanga zilianza kusafiri bila wenyewe zamani sana? Albert Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu huko Bukama, kituo kilicho kwenye reli hiyo hiyo inayopita Likasi. Mwaka 1926 afisa Mbelgiji, Georges Thiry, aliona michoro ya ukutani, akampatia Lubaki karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 kazi zake zilioneshwa Brussels. Mambo yote yalipitia kwa Wazungu waliokuwa katikati, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano naye yalikuwa yamekatika. Mwaka 2015 kazi hizo zilitundikwa tena Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier.

Je, wajua kwamba Wakongo waliwahi kuigeuza NFT iwe silaha yao? Mwaka 1931 Wapende waliasi kulazimishwa kazi ya mawese, na afisa Mbelgiji Maximilien Balot akauawa. Sanamu ya mti iliyochongwa kumwakilisha iliishia Marekani, na mwaka 2015 ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Virginia Museum of Fine Arts. Wasanii wa chama cha CATPC cha Lusanga, mkoa wa Kwilu, waliomba kuiazima. Februari 2022, wakiwa bado hawajaipata, walitengeneza NFT kwa kutumia picha ya sanamu hiyo, ili fedha zirudishe ardhi ya mashamba ya zamani mikononi mwa wenyeji. Jumba likalalamika kwamba picha yake imetumika bila idhini. Mwaka 2024 sanamu yenyewe ikaenda Lusanga kwa mkopo, wakati CATPC ikiwa katika banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice. Swali la nani aliiba nini limebaki mezani.

Je, wajua kwamba ukubwa wa picha ni kinga? Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiipunguza hadi upana wa pikseli 1,000 kabla ya kuituma, kwenye simu inapendeza vilevile, lakini mwizi akiichapisha kwa ubora wa kitabu anapata upana wa sentimita 8 na nusu tu.

Je, wajua kwamba saini ya pembeni ni rahisi kukatwa? Mwizi anakata ukingo, basi. Pitisha jina lako kwa rangi hafifu katikati ya picha, juu ya uso au mikono, pale ambapo kulifuta ni kuiharibu tablo.

Je, wajua kwamba WhatsApp hufuta ushahidi wako? Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa na kupoteza taarifa za tarehe na kamera. Ukiituma kama dokumenti, faili hubaki nzima. Tunza ya asili, pamoja na rasimu ya penseli na picha za tablo ikiwa nusu. Mwizi hana nusu ya kuonyesha.

Je, wajua namna ya kumtafuta mwizi? Pakia picha yako kwenye Google Lens au TinEye, nayo itakuonyesha kurasa nyingine inakoonekana. Tovuti ya wachoraji ya DeviantArt nayo ilianza mwaka 2021 kupekua blokcheni na kuwatahadharisha wachoraji wanaoweka kazi kwake.

Je, wajua kwamba huhitaji wakili kuanza? Masoko makubwa yaliyo Marekani yanafuata sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, DMCA ya 1998. Piga picha ya skrini kwanza, kisha tuma kiungo cha tokeni, kiungo cha kazi yako ya asili, tamko kwamba wewe ndiye mwenye haki, jina, anwani na saini. Soko litaondoa tangazo. Tokeni yenyewe hubaki kwenye blokcheni, lakini bila soko ni vigumu kuiuza.

Je, wajua kwamba mnunuzi anayekuomba pesa kwanza ni tapeli? Anasifu kazi, anaahidi dola maelfu kwa NFT, kisha anataka ulipe "gharama za mtandao". Usitume hata faranga.

Je, wajua kwamba wengi waliokimbilia NFT wameambulia patupu? Uchunguzi wa tovuti ya dappGambl wa Septemba 2023 ulikagua makusanyo 73,257 ya NFT na kukuta 69,795 hayana thamani yoyote. Mwizi huenda asipate kitu, lakini jina lako ndilo litakalotiliwa shaka na mteja wa kweli.

Kwa hiyo, ndugu mchoraji, leo kabla hujaweka tablo mtandaoni fanya mambo matatu: ipunguze, iandike jina katikati, na uitunze ya asili mahali salama. Ukiikuta inauzwa, usinyamaze. Dai.