Poda kavu inaomba dawa gani?

Wandugu, wengi mnaniuliza: tukitengeneza poda ya uso na unga wa muhogo wa Ruzizi, tutie dawa gani isioze?

Tuanzie kwa maji. Kwenye kipimo cha maji huru, 0 mpaka 1, hakuna kidudu kinachoota chini ya 0.60. Ni vile muhogo mkavu unakaa, ule wenye unyevu unashika ukungu.

Shida inakuja kisha: hewa ya ziwa, kopo wazi, sponji yenye jasho. Hapo parabeni inaweza kusaidia. Sorbati ya potasiamu inataka maji na asidi. Ndani ya poda kavu inalala tu.

Tena, dawa hizo haziui mbegu za pepopunda za udongoni. Ripoti ya 1946 kutoka New Zealand ilieleza watoto wachanga waliopata pepopunda kupitia poda ya talki. Kwa hiyo, poda kwa kitovu cha mtoto, hapana kabisa!

Basi kausha kwanza, funga kopo ndogo vizuri, mkono usiguse. Dawa inakuja nyuma, haifichi uchafu.

Tuko pamoja.