Sifuri moja ya ziada: siku tatu Gede, na somo tulilopewa Mida

Kila mara tunawaambia wateja wetu: soma jina, soma kiasi, ndipo uweke PIN. Leo tunawapa kisa chetu wenyewe, maana safari hii ni mwalimu aliyeteleza.

Tulikuwa watatu, likizo fupi, na hatukutaka hoteli kubwa. Tulitaka nyumba ya kijijini ambapo unapewa kitanda na kiamshakinywa, halafu siku nzima ni yako. Tukachagua upande wa Gede, Kaunti ya Kilifi. Kutoka Mombasa tulipanda matatu ya Malindi, tukashuka Gede, kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi. Tuktuk ikatuingiza ndani, kwenye minazi na miembe.

Chumba kabla ya safari

Nyumba ni ya mama mmoja na familia yake. Vyumba vinne, paa la makuti, neti kila kitanda. Hakuna meza ya mapokezi wala mashine ya kadi. Malipo ni kwa simu.

Nambari yake tuliipata mtandaoni, na hapo ndipo wengi huumia: picha nzuri, bei nzuri, unatuma pesa, ukifika hakuna nyumba. Kwa hiyo tulimpigia kwanza. Tukamuuliza tukishuka Gede tunapita wapi na tuktuk inatoza ngapi. Mtu wa pale atakujibu bila kufikiri. Kisha tukaomba nambari ya tili badala ya nambari yake binafsi, na lilipotokea jina la biashara tukalilinganisha na alilotutajia. Tukalipa nusu tu. Nusu nyingine tukasema tutalipa tukishaviona vyumba kwa macho.

Mama hakukasirika. Alisema, "Afadhali nyinyi mnaouliza. Kuna waliotapeliwa kwa jina la nyumba hii hii."

Mji ndani ya msitu

Asubuhi ya pili tulikula mahamri na mbaazi za nazi, chai ya iliki pembeni, kisha tukaenda kwenye magofu ya Gede. Huu ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi kwa karne nyingi kabla ya watu kuhama katika karne ya 17. Kuta za mawe ya matumbawe bado zimesimama, na mibuyu imeota katikati ya nyumba. Utaona jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wachimbaji walikuta vyombo vya kauri kutoka China, ishara kwamba watu wa hapa walifanya biashara ya mbali kabla ya simu yoyote kuwapo. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo, na wakiwa bado ndani ya ganda, yaani pupa, huuzwa ng'ambo kwa maonyesho. Msitu ukikatwa hakuna kipepeo, na bila kipepeo hakuna mauzo. Ndiyo maana wenyewe wanaulinda.

Jioni ya Mida

Saa kumi tulikwenda Mida, hori ya bahari iliyozungukwa na mikoko. Kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya matope, unapita ukiyumba mpaka mahali pa kutazama ndege. Wengi wao huja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, aliwajua mmoja mmoja kwa sauti. Baadaye akatupandisha mtumbwini, tukakaa majini mpaka jua likazama nyuma ya mikoko.

Tulikuwa tumekubaliana shilingi 1,500 kwa watatu. Tukirudi ufukoni giza limeingia, mikono ina maji ya chumvi, mtandao unasumbua. Mmoja wetu akaandika kiasi, jina likatokea, akasema "ndiye," akaweka PIN. Ujumbe wa uthibitisho haukuja. Mwongozaji akasema hapo ni kawaida, utaingia tu, tukaagana.

Uliingia saa tatu usiku, tukila samaki wa kupaka. Tulikuwa tumetuma 15,000. Jina tulilisoma. Kiasi hatukukisoma.

Hizo ndizo pesa za chumba. Salio lililobaki halikutosha hata nauli ya kurudi Mombasa.

"Sirudishi kwa kupigiwa simu"

Tulimpigia mwongozaji palepale. Akajibu kwa upole, lakini jibu lenyewe hatukulitarajia:

"Kaka, pesa nimeziona na sizigusi. Lakini mimi sirudishi kwa kupigiwa simu. Mwaka jana nilirudisha elfu mbili ambazo hazikuwahi kuingia, meseji ilikuwa ya uongo. Na sauti yako kwa simu siijui. Pitieni kwa kampuni. Wakinitafuta kwa nambari yao rasmi, nitakubali."

Kusema kweli tuliudhika kwa dakika chache. Tulikuwa naye mtumbwini saa tatu zilizopita! Lakini alikuwa sahihi kabisa, na ni maneno ambayo sisi wenyewe huwaandikia wateja. Mtu akidai amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie mwenyewe. Tazama salio lako, si meseji tu, na umwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja. Mkweli hatapoteza kitu. Tapeli atakata simu.

Tukapiga huduma kwa wateja kama mteja mwingine yeyote, tukatoa nambari ya muamala, tukaanza kungoja. Tukamweleza mama aibu yetu. "Wanangu, laleni," alisema. "Chumba hakikimbii, nanyi pia hamtakimbia."

Siku ya tatu tulitembea msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Humo anaishi sengi wa mgongo wa dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na bundi mdogo wa Sokoke. Bundi hatukumwona. Sengi alikatiza njia mara moja, akapotea majanini. Tulipotoka barabarani mtandao ukarudi, na ujumbe nao: mwongozaji amekubali, zile 15,000 zimerudi zote.

Tulimtumia 1,500 zake hapohapo, mchana kweupe. Safari hii tulihesabu sifuri kwa sauti, wote watatu. Kisha tukaenda kumlipa mama.

Kabla hujafunga begi

- Piga simu kabla ya kutuma malipo ya awali. Linganisha jina linalotokea na ulilotajiwa. Usilipe yote kabla ya kufika.
- Beba pesa taslimu kidogo za bodaboda na madafu. Wakala wa kijijini anaweza kukosa floti, kwa hiyo toa pesa ukiwa mjini.
- Hifadhi zinazosimamiwa na KWS, kama Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyo karibu, hulipiwa kupitia eCitizen. Lipa ukiwa bado na mtandao mzuri.
- Mtandao ukisumbua na uthibitisho haujaja, usitume mara ya pili. Tazama salio kwanza.
- Soma jina, kisha soma kiasi. Kama ni giza au una haraka, mwombe mwenzako naye asome.
- Ukikosea, omba kurudishiwa mara moja, na usimlaumu aliyepokea akikataa kukurudishia mwenyewe.
- PIN yako hatutaiuliza kamwe, hata tukikupigia kuhusu muamala uliokosewa.

Mwongozaji alitujibu kwa meseji moja: "Imefika, 1,500 kamili. Karibuni tena, safari hii mje na tochi."