Wiki ya Kwanza Hupima Albamu Iliyopita

Katikati ya mwaka 2001 kampuni ya Reprise ya Marekani iliisikiliza albamu mpya ya bendi ya Wilco kutoka Chicago, Yankee Hotel Foxtrot, ikaona haitauzika, ikaikataa. Bendi ikaruhusiwa kuondoka na kazi yake. Septemba 18 mwaka huohuo Wilco wakaiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, yeyote aisikilize bila kulipa senti. Kisha wakafunga safari ya maonyesho, na kumbini wakakuta watu wanaimba nao nyimbo ambazo hakuna duka lililokuwa limeziuza. Kampuni ya Nonesuch ikaichukua albamu na kuitoa Aprili 23, 2002. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 55,000, ikaingia nafasi ya 13 kwenye chati ya Billboard, mahali ambapo bendi haikuwahi kufika. Baadaye mauzo yalivuka nakala 500,000 nchini Marekani. Reprise na Nonesuch zote zilikuwa mali ya AOL Time Warner, maana yake mfuko mmoja uliilipia albamu moja mara mbili.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa wasanii dhidi ya mabosi. Kwa anayefuatilia biashara, jambo zito zaidi ni mpangilio wa matukio. Wasikilizaji walisikia kwanza, wakapenda, halafu ndipo wakatoa pesa. Biashara ya albamu za roki mara nyingi huenda kinyume cha hapo. Shabiki huagiza albamu miezi kadhaa kabla haijatoka, huku amesikia wimbo mmoja au miwili, na pengine hajasikia hata mmoja. Anacholipia ni imani aliyojengewa na albamu iliyotangulia. Kwa hiyo takwimu za wiki ya kwanza, ambazo magazeti hukimbilia kuzitangaza, hazituelezi sana kama watu wameipenda albamu mpya. Zinatueleza jinsi walivyoipenda ile ya kabla yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Sheffield, Uingereza. Arctic Monkeys walianza kwa kugawa bure sidii za nyimbo zao kwenye maonyesho madogo, na mashabiki wakazisambaza wenyewe mtandaoni. Lebo ya kujitegemea ya Domino iliposaini nao mwaka 2005, soko lilikuwa tayari limeshapikwa na wasikilizaji. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 2006 ikauza nakala 363,735 kwa wiki moja, rekodi kwa bendi inayoanza nchini humo. Huo nao ni mwendo wa Wilco: masikio yalitangulia, mfuko ukafuata.

Sasa tazama mwaka 2018. Bendi hiyohiyo ilitoa Tranquility Base Hotel & Casino, albamu ya piano na mwendo wa taratibu, bila kutanguliza singo yoyote. Mashabiki waligawanyika. Wapo walioiita kazi yao kubwa kuliko zote, na wapo waliotafuta magitaa ya AM, albamu ya 2013, wasiyaone. Hata hivyo ilishika namba moja Uingereza kwa nakala takribani 86,000 katika wiki ya kwanza, na kati ya hizo 24,500 zilikuwa santuri. Hakuna santuri iliyokuwa imeuzika kwa kasi hiyo nchini humo kwa miaka 25. Walionunua santuri hizo wengi wao hawakuwa wameshajua watakutana na nini. Mauzo yale ni matunda ya AM, na ndiyo maana naona ni kosa kuyatumia kama ushahidi kwamba ubishi wa mashabiki haukuwa na athari.

Arcade Fire wa Montreal wanatuonyesha upande wa pili. Albamu yao ya kwanza, Funeral, ilitolewa mwaka 2004 na Merge, lebo ndogo ya North Carolina iliyoanzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wawili wa bendi ya Superchunk. Jarida la Pitchfork liliipa alama 9.7 kati ya 10, na shehena ya kwanza ikamalizika madukani kabla lebo haijawahi kuagiza nyingine. Imani hiyo ilivunwa miaka sita baadaye: The Suburbs ilifungua ikiwa namba moja Marekani kwa nakala 156,000, na Februari 2011 ikatwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mwaka 2017 wakatoa Everything Now kwa kampuni kubwa ya Columbia. Wahakiki na mashabiki wengi hawakuifurahia, lakini chati haikuona tatizo, ikaiweka namba moja. Iliyofuata, WE ya mwaka 2022, ilifungua ikiwa namba sita. Soko zima lilikuwa limebadilika pia, hilo nalikubali. Lakini meneja anayesubiri bili ya hasira za mashabiki ndani ya wiki ileile atasubiri sana. Bili hiyo huletwa albamu inayofuata ikitoka.

Kwa lebo ndogo hili ni suala la uhai, kwa sababu ni lazima ikisie mapema itachapa nakala ngapi. Na leo kukisia ni kugumu zaidi kwa kuwa pesa imerudi kwenye santuri. Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri milioni 41 dhidi ya sidii milioni 33, mara ya kwanza santuri kuzipita sidii kwa idadi tangu 1987. Santuri haichapwi kama karatasi. Mifereji ya sauti huchongwa kwanza juu ya sahani laini yenye laka, sahani hiyo hupakwa metali mpaka ipatikane mihuri ya nikeli, kisha donge la plastiki ya moto hubanwa katikati ya mihuri miwili chini ya tani nyingi za uzito. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kilichokuwa Banning, California, kiliteketea, na dunia ikabaki na mtengenezaji mmoja mkubwa wa sahani hizo, MDC wa Japani. Foleni viwandani zikarefuka. Oda ndogo za lebo za kujitegemea zikasukumwa nyuma ya oda za mastaa, na bendi ikalazimika kuamua idadi ya nakala muda mrefu kabla msikilizaji wa kwanza hajafungua mdomo.

Majukwaa ya kusikiliza yangeweza kuziba pengo hilo kati ya kulipa na kusikia, maana hulipa kadiri watu wanavyosikiliza. Tatizo lao ni kwamba hayatofautishi usikilizaji. Spotify huhesabu wimbo baada ya sekunde 30, na aliyeurudia usiku kucha kwa mapenzi hupimwa kwa kipimo kilekile cha aliyeuacha ulie dukani bila kuusikia. Tuchukue makadirio yanayotajwa sana, ya takribani theluthi moja hadi nusu ya senti ya dola kwa kila usikilizaji, kabla lebo haijachukua chake. Kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, albamu ya kidijitali ya dola 10 hukatwa asilimia 15 ya jukwaa pamoja na ada ya malipo, na bendi hubaki na kama dola 8. Kwa Spotify, dola 8 ni kusikilizwa mara 2,000 hivi. Kwa albamu ya nyimbo kumi, ni shabiki mmoja kuimaliza mara 200. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote. Wenye nyimbo hizo ndio wanamuziki ambao shabiki mmoja mwaminifu kwao ana uzito kuliko wapita njia mia.

Ndiyo sababu naitetea Bandcamp licha ya misukosuko yake. Iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Lakini humwachia shabiki alipe zaidi ya bei akitaka, na wengi hutaka. Hatari ipo pale anayeshika fedha katikati asipokuwa mwaminifu au asipojua hesabu. PledgeMusic ya Uingereza ilikusanya malipo ya mapema ya mashabiki kwa niaba ya bendi, ikafilisika mwaka 2019, na wanamuziki wakabaki na deni la albamu kwa watu waliokwishalipa.

Julai 2025 King Gizzard & the Lizard Wizard wa Melbourne waliondoa muziki wao Spotify kupinga uwekezaji wa mkuu wake wa wakati huo, Daniel Ek, katika kampuni ya teknolojia ya kijeshi ya Helsing. Albamu zao wakaziweka Bandcamp, mnunuzi apange bei mwenyewe. Wao wanaweza. Mwaka 2017 pekee walitoa albamu tano, moja wakairuhusu ichapwe na yeyote bila malipo, na wana umati unaowafuata kutoka ukumbi hadi ukumbi. Bendi ya vijana wanne yenye albamu moja haina akiba hiyo ya imani. Bado inahitaji jukwaa lilelile linaloilipa kidogo, ili tu apatikane mtu wa kwanza wa kuisikia.