Je, Wajua? Mirihi Ilikuwa na Maji, na Ushahidi Wake Unafanana na Ufukwe wa Nyanza-Lac

Nyanza maana yake ziwa. Lac, kwa Kifaransa, nalo ni ziwa. Kwa hiyo kila kondakta anayeita abiria wa Nyanza-Lac pale Bujumbura anaita "Ziwa-Ziwa!" Sasa ngoja nikuonyeshe ziwa la tatu.

"Ziwa" lililoko Mirihi

Tarehe 18 Februari 2021, chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance kilitua kwenye sayari ya Mirihi, ndani ya shimo kubwa lililochimbwa na kimondo. Shimo hilo linaitwa Jezero, jina la mji mdogo wa Bosnia, na katika lugha kadhaa za Kislavi jezero maana yake ni, naam, ziwa! Mashimo madogo ya Mirihi hupewa majina ya miji ya Duniani yenye watu chini ya 100,000, ndiyo maana mji usiojulikana na wengi ukafika mbinguni.

Jezero lina upana wa kilomita 45, na ziwa letu, Tanganyika, kwa wastani lina 50. Upande wake wa magharibi mto uliingia zamani na kumwaga tope lake kwa umbo la kipepeo cha mkono kilichofunguliwa. Ni kazi ileile inayofanywa na Rusizi kule kaskazini mwa ziwa letu: mto ukifika kwenye maji yaliyotulia, hupunguza mwendo na kutua mzigo. Pasipo maji yaliyotulia, delta ya namna hiyo haijengeki.

Mchanga wenye mikunjo, wa miaka bilioni 3.7

Nenda ufukweni asubuhi, kabla ndagala hawajaanikwa. Ingia majini mpaka kwenye kifundo cha mguu, subiri tope litulie, kisha tazama chini: mchanga umejikunja kama bati la paa, mkunjo baada ya mkunjo. Ni mawimbi madogo yaliyoukunja.

Chombo kingine, Curiosity, kilichotua katika shimo la Gale mwezi Agosti 2012, kilikuta mikunjo kama hiyo, ila imegeuka jiwe. Ina kimo cha milimita 6 hivi, na kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni sentimita 4 au 5. Kwa vipimo hivyo tu, watafiti walipiga hesabu wakatangaza mwaka 2025 kwamba maji yale yalikuwa na kina kisichofika mita 2. Hebu fikiria: unapima kina cha ziwa lililokauka kabla Dunia haijawa na samaki hata mmoja, kwa kutumia makunyanzi ya mchanga! Tena kuna siri nyingine ndani yake. Mikunjo hii huhitaji upepo uguse maji, kwa hiyo ziwa lile halikuwa limefunikwa na barafu. Lilikuwa wazi, likipigwa na upepo kama hili letu.

Kokoto haidanganyi

Mwaka uleule wa 2012 Curiosity ilipiga picha za kokoto za mviringo zilizoshikamana ndani ya mwamba. Upepo hauwezi kusukuma kokoto za ukubwa ule, sembuse kuziviringisha mpaka zikapoteza ncha. Ilikuwa kazi ya kijito kilichotembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, kina chake kati ya kifundo na nyonga.

Tanganyika nayo iliwahi kudhaniwa ni mabaki ya bahari

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu katika Tanganyika, yule kiumbe laini kama ute wa yai ambaye watu humjua kutoka baharini. Wetu ni mdogo, upana wake kama sarafu. Kisha kuna konokono wa ziwa hili, wenye magamba mazito, yenye matuta na mengine yenye miiba, kama yale yanayookotwa Mombasa au Zanzibar.

Mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, J. E. S. Moore, alikuja mwaka 1896 na tena 1899, akawatazama konokono wale na kuamua: hapa palikuwa na bahari enzi za dinosaria, na hawa ni watoto wake waliobaki. Mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya fumbo hilo.

Miamba ikamkatalia. Kandokando ya ziwa hayakupatikana matabaka ya bahari ya enzi hiyo. Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojaa maji, wenye umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na konokono wake walijibadilisha humuhumu ndani mpaka wakafanana na wa baharini. Swali lililomsumbua Moore ndilo linalowasumbua watafiti wa Mirihi leo. Kwamba maji yalikuwepo, hilo limekwisha. Wanachobishania ni kama yalikuwa maziwa mengi au bahari moja kubwa.

Mstari ukutani

Mwaka 2021 Tanganyika lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu Rumonge, maji yalifanya kile yafanyacho popote yanapokaa: yaliacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mwaka 1989 Timothy Parker na wenzake, wakitumia picha za vyombo vya Viking, walitaja mistari kama hiyo kuzunguka nyanda za chini za kaskazini mwa Mirihi. Ufuo wa bahari, walisema.

Tatizo likaja baadaye: ufuo ule haujanyooka. Sehemu moja uko juu ya nyingine kwa zaidi ya kilomita 2, na maji hayapandi mlima. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba ardhi yenyewe ilipinda baadaye, kwa uzito wa volkano za Tharsis. Upande huo ndiko uliko Olympus Mons, mlima wa karibu kilomita 22, sawa na Kilimanjaro nne kasoro kidogo zikipandana.

Ufukwe uliofukiwa

Mwezi Mei 2021 chombo cha China, Zhurong, kilitua kwenye uwanda wa Utopia, kikatembea karibu na mstari huohuo huku kikipenyeza mawimbi ya rada ardhini. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2025 yalionyesha, mita 10 hadi 35 chini, matabaka yaliyoinama yote kuelekea kaskazini, yaani kule bahari ilikodhaniwa kuwa. Mchanga wa ufukwe hulala hivyo.

Na sisi tunao ufukwe uliofichwa. Miaka 106,000 hivi iliyopita ukame mkali uliteremsha Tanganyika kwa mita 435. Simamisha michikichi mirefu ya Rumonge ishirini na zaidi, mmoja juu ya mwingine, ndipo ufike. Pwani ya siku hizo iko gizani chini ya mitumbwi ya leo.

Tanganyika elfu moja

Mwaka 2015 watafiti wa NASA walikadiria kwamba Mirihi changa ilikuwa na maji yasiyopungua kilomita za ujazo milioni 20. Tanganyika, lenye maji mengi kuliko ziwa lolote la Afrika, lina 18,900. Gawanya: unapata Tanganyika elfu moja na ushee! Mahali pengine bahari hiyo ingezidi kina cha kilomita 1.6. Sisi tunafika mita 1,470, kwa hiyo hatujaachwa mbali.

Walijuaje? Kwa kupepeta. Ukirusha mchele kwenye ungo, makapi huenda na upepo na punje nzito hubaki. Maji ya Mirihi yalipotorokea angani, haidrojeni nyepesi ndiyo iliyotangulia, nzito ikabaki. Leo maji yaliyosalia kule yana haidrojeni nzito mara 7 ya bahari zetu, na kutokana na punje zilizobaki wakajua makapi yaliyopotea: asilimia 87 ya bahari.

Itazame mwenyewe

Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na jua, nyekundu na tulivu bila kumetameta kama nyota. Geuka ulipe ziwa mgongo: itachomoza juu ya milima ya Burundi jua linapozama, na alfajiri itatua upande wa Kongo.