MASHINE INAANDIKA PROGRAMU: JE, KIJANA WETU ASOME KOMPYUTA AU AACHE?



Mwezi uliopita mama mmoja wa New Congo alitungoja nje ya darasa. Kijana wake amemaliza sekondari na anataka kwenda Kakoba, pale Mbarara, kusomea kutengeneza programu za kompyuta. Ada ingetoka kwa mbuzi wawili, na tangu mgao wa chakula upunguzwe, mnajua wenyewe mbuzi ni nini nyumbani. Akatuuliza: "Mwalimu, banasema sasa mashine njo inaandika programu yenyewe. Basi mbuzi niuzishe ya nini?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tukasoma, tukauliza, tukajaribu wenyewe.

Mashine hiyo inaitwa akili bandia, wengine husema akili mnemba. Ile inayojulikana zaidi, ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Unaiandikia unachotaka kwa maneno ya kawaida tu, nayo inakuandikia programu, kwa sababu imefundishwa kwa maandishi mengi mno ya watu, zikiwemo programu walizoziweka wazi kwenye intaneti. Oktoba 2024 mkubwa wa Google, Sundar Pichai, alisema zaidi ya robo ya maandishi mapya ya programu katika kampuni yake yanatoka kwa mashine, halafu wahandisi wanayakagua.

Kumbe mkaguzi bado anahitajika! Lakini mkaguzi anatoka wapi? Ni mtu aliyeanza chini, akaandika vitu vidogovidogo, akakosea, akarekebishwa na wakubwa wake. Na hizo kazi ndogondogo ndizo mashine inazozichukua kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2025 kwamba huko Marekani watengenezaji wa programu wenye miaka 22 hadi 25 walioajiriwa wamepungua karibu asilimia 20 toka mwisho wa 2022. Wenye umri mkubwa na uzoefu hawakupungua hivyo.

Kwetu huku mlango ulikuwa mwembamba hata kabla ya mashine. Kampuni ya Andela ilikuwa inawafundisha vijana wa Kampala, Nairobi na Lagos na kuwatafutia kazi kwa kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 iliwaachisha mamia ya wanaoanza, ikisema wateja wanataka wenye uzoefu.

Wengine wanatuambia tusiogope, mashine inaleta kazi mpya. Ni kweli, lakini tuangalie ni kazi gani. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma maandishi ya mauaji, mateso na unajisi wa watoto, wayape alama ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine walisema mambo yale yaliwaharibu akili. Sisi ambao wengi wetu tuliyaona kwa macho hatuhitaji kuelezwa usiku wao ulikuwaje. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Sasa jaribio letu. Tulikuwa walimu watatu, simu moja, na MB za shilingi 1000. Tukaiomba mashine itutengenezee programu ya kupanga matokeo ya P.6. Haikupita dakika moja, ikaleta! Tukashangilia kama watoto. Halafu mwenzetu mmoja, yule wa hesabu, akasema ngojeni kwanza. Mtoto aliyekosa mtihani mmoja kwa sababu ya malaria alikuwa amehesabiwa sifuri, akashuka mpaka wa mwisho. Sisi hatukuieleza, na mashine haikuuliza. Sisi wawili tungepeleka ripoti ile kwa wazazi bila wasiwasi wowote.

Basi tukarudi kwa mama. Tulimwambia asiuze mbuzi wote wawili kwa mara moja. Kijana aende kwanza Kakoba aulize: wanafundisha kuandika programu tu, au na hesabu, na namna ya kutafuta kosa? Mwanafunzi akimaliza anatoka na kazi aliyomfanyia mtu wa kweli, au anatoka na cheti peke yake? Tulimwambia pia asitegemee kampuni za mbali tu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na hapa wenye maduka bado wanaandika madeni kwenye daftari linaloloa mvua. Mashine haijui nani anakopesha nani hapa Nakivale, na lugha zetu nyingi haizijui vizuri.

Mama ameuza mbuzi mmoja. Kijana ameanza kozi ya miezi mitatu, na akirudi Jumamosi anakaa na yule mwalimu wa hesabu kurekebisha programu yetu ya matokeo. Mpaka tunaandika haya, mtoto wa malaria amepanda hadi nafasi ya 14, ila sasa kuna wawili ambao majina yao yamepotea kabisa kwenye orodha. Bado wanatafuta.